Mbwa wa Marehemu ni wa Nani?

Juma lililopita tulizungumza juu ya palizi ya mikorosho, na juma lijalo tutarudi huko huko, maana ubwiriunga haumngoji mtu. Leo naomba tuiache mikorosho kidogo. Liko jambo moja ambalo sisi mabwana shamba hatulisemi katika vipindi vyetu, nalo hutokea katika kila kijiji, mwaka hadi mwaka. Mwenye mji anapofariki, mashamba hugawanywa, nyumba hugawanywa, hata jembe na baiskeli hupata mtu wa kuvichukua. Je, mbwa wake hubaki na nani?

Najua baadhi yenu mmeanza kucheka. Mbwa naye ana mirathi? Hata mimi nilicheka. Hebu nisikilize kwanza, halafu utaamua mwenyewe kama ni jambo la kucheka.

Miaka michache iliyopita nilikuwa nikizungukia vijiji vya bonde la Ruvuma, upande wa Kilambo, huku mto unakokaribia bahari. Kulikuwa na mzee mmoja mkulima hodari. Mpunga na mahindi alilima bondeni, na juu mchangani alikuwa na mikorosho ya kutosha. Alikuwa na mbwa wa rangi ya udongo, sikio moja limekatika, aliyempa jina la Jitegemee. Mzee alisema alimwita hivyo kwa sababu tangu akiwa mdogo hakumpa chakula cha kutosha, lakini hakufa.

Wewe unayelima bondeni huhitaji kuelezwa thamani ya mbwa wa namna hiyo. Mahindi yakianza kubeba, usiku haulaliki. Nguruwe pori wanakuja usiku, nyani na ngedere wanakuja mchana. Karibu na mto kiboko naye hupanda kula mpunga, akaacha njia kama ya trekta. Watu hujenga dungu, hupiga madebe, huwasha moto. Mbwa hawezi kumfukuza kiboko, na asijaribu, lakini anamsikia mapema na kumwamsha mlinzi kabla hajashuka gizani akakutana naye. Nyani wao wanamwogopa mbwa kuliko wanavyomwogopa mtoto mwenye manati. Kwa hiyo mbwa wa shamba anafanya kazi ya mtu mzima, tena ya usiku, bila posho.

Basi, mwezi wa Machi mzee akafariki. Nilikwenda mazikoni kama jirani, na siku ya tatu nikakaribishwa kuketi kwenye kikao cha ukoo kwa kuwa nilikuwa nalijua shamba. Mpwa wake alitoka Mtwara mjini kuongoza maneno. Ilizungumzwa mikorosho, likazungumzwa deni la chama cha msingi, ikazungumzwa redio. Tulipokuwa tunainuka, mjane wa marehemu akanong'ona, "Bwana shamba, na huyu mbwa?" Nikamjibu, "Mama, hilo ni la ukoo." Nikapanda pikipiki yangu. Ukoo nao hawakulizungumza. Pengine walidhani ni la mjane.

Mjane alikaa eda ndani ya nyumba ile, miezi minne na siku kumi, na muda wote huo mbwa alikula makoko ya ugali kama kawaida. Eda ilipokwisha, bintiye akamchukua akaishi naye Mikindani, katika chumba kimoja cha kupanga. Mbwa hawezi kuingia huko. Akabaki. Mlango ulifungwa, yeye akalala barazani. Mchana alishinda chini ya mikorosho ya bwana wake, na usiku aliokota kwa watu. Watu wengine walimpiga mawe. Mwezi wa Septemba wataalamu wa mifugo walikuja kijijini kuchanja mbwa dhidi ya kichaa. Kila mwenye mbwa alimfunga wake kamba akampeleka. Jitegemee hakupelekwa na mtu, maana hakuwa na mtu.

Oktoba korosho zikaanza kuanguka. Mikorosho ile sasa ilikuwa imegawiwa wapwa, na wakaenda na watoto wao kuokota. Mbwa akaona watu asiowajua wameingia katika shamba alilofundishwa kulilinda. Akamwuma mtoto wa kike, mwenye umri wa miaka saba, kwenye muundi. Vijana wakamkimbiza, wakampiga rungu mpaka akafa, wakamtupa mtoni saa ile ile.

Hapo ndipo tulipoharibu mara ya pili. Mbwa aliyemwuma mtu, kama ni mzima na anaweza kushikwa bila hatari, hufungwa au kuzuiwa mahali salama na kuangaliwa kwa muda wa siku 10, huku mtu aliyeumwa ameshapelekwa kwa daktari. Kwa nini siku 10? Kwa sababu mbwa ambaye mate yake yamekwisha kuwa na ugonjwa hapiti siku hizo bila kuugua waziwazi na kufa. Akivuka siku 10 akila, akinywa na kumtambua mtu wake, basi siku aliyouma hakuwa na kichaa katika mate, na daktari anaweza kusimamisha sindano zilizobaki. Na mbwa akifa au akiuawa, mtaalamu wa mifugo huhitaji kichwa chake, kwa kuwa ubongo ndio unaopimwa. Msimguse kwa mikono mitupu. Mwiteni yeye aje. Sisi mbwa wetu alikuwa amekwenda na maji ya Ruvuma, na cheti cha chanjo hakikuwapo. Hatukuweza kujua lolote.

Aliyemwokoa mtoto ni bibi yake. Hakupaka majivu wala mafuta ya taa, wala hakufunga jani. Alimketisha kisimani akaliosha jeraha kwa sabuni na maji mengi, akaosha na kuosha, mtoto akipiga kelele. Halafu wakampakia kwenye bodaboda hadi hospitali ya Ligula, Mtwara mjini. Alipata sindano ya kwanza siku hiyo hiyo, na akarudishwa siku zote alizopangiwa mpaka zikaisha. Mtoto ni mzima, anasoma. Lakini baba yake aliuza mbuzi wawili kwa ajili ya nauli na gharama nyingine, na kwa majuma kadhaa hapakuwa na mtu katika nyumba ile aliyelala usingizi.

Walikuwa na haki ya kutolala. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, dawa ya kumponya hakuna. Karibu kila anayeugua hufa. Inakadiriwa kwamba watu wapatao 59,000 hufa duniani kila mwaka kwa ugonjwa huu, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote wameupata kwa mbwa. Dalili kwa kawaida huja baada ya mwezi mmoja mpaka mitatu, wakati mwingine hata mwaka, ndiyo maana watu hudanganyika: jeraha limepona, mtoto anacheza, kumbe ugonjwa unapanda polepole kuelekea ubongo. Chanjo ikitangulia kabla ya dalili, mtu anapona. Jeraha lioshwe mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kamili, halafu hospitali siku hiyo hiyo hata kama ni mkwaruzo mdogo.

Kusini tuna sababu ya kulijua jambo hili kuliko wengine. Kuanzia mwaka 2010 Serikali pamoja na Shirika la Afya Duniani waliendesha kampeni za kuchanja mbwa katika wilaya za kusini mashariki, Mtwara na Lindi zikiwemo, hali kadhalika kisiwani Pemba. Kanuni yao ni rahisi: katika kila mbwa 10 wa kijiji, wakichanjwa 7, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Lakini mbwa hufa haraka na huzaa haraka, kwa hiyo hesabu hiyo hushuka upesi, na kazi hurudiwa kila mwaka. Sasa tazama: chanjo hiyo haimfuati mbwa porini. Humngoja mtu amshike mbwa kamba amlete. Mbwa asiye na mwenyewe yuko nje ya hesabu hata kama sindano ni ya bure na imewekwa mlangoni.

Ndiyo sababu nasema swali la yule mama halikuwa la kucheka, na jibu langu lilikuwa la kivivu.

Sasa twende kwenye kuamua. Huku kwetu wengi tumekulia katika desturi ya ukoo wa mama, ambapo mali ya mjomba huangukia kwa mpwa. Wakati huo huo wengi ni Waislamu na mirathi yao hugawanywa kwa mafungu ya sheria ya dini. Mabishano hayo ya mikorosho ni makubwa na mimi siyawezi, yana wenyewe. Ukoo hukaa, huandika muhtasari, humpendekeza msimamizi wa mirathi, naye huthibitishwa na Mahakama ya Mwanzo. Msimamizi hupewa miezi minne kuwasilisha mahakamani orodha ya mali na madeni ya marehemu. Kwa shamba, miezi minne si kitu. Mnyama je? Tumbo la mnyama halijui mahakama. Mbuzi anataka majani leo, na mbwa asipolishwa siku tatu anaanza kujitafutia, na akishazoea kujitafutia kumrudisha ni kazi.

Kwa hiyo mambo mawili myatenganishe. Nani atarithi, hilo lingoje kikao na mahakama. Nani atalisha, hilo lijibiwe siku ile ile ya mazishi, kabla jua halijazama. Atajwe mtu kwa jina, mbele ya watu, kwamba mpaka ukoo utakapoamua, fulani ndiye anayelisha na kufunga. Kulisha si kurithi, na asiogope mtu kwamba akimpa mbwa wa mjomba makoko atadaiwa mbele ya hakimu.

Kuna wanaosema mbwa ni najisi na hawataki hata atajwe matangani. Masheikh wa pwani yetu, ambao wengi ni wa madhehebu ya Shafi, hufundisha kwamba mbwa anaruhusiwa kwa kuwinda, kulinda mifugo na kulinda mazao. Kwa madhehebu hayo mbwa hauzwi, na hawekewi bei katika mafungu ya urithi. Lakini haki ya kumtumia haimfi marehemu, huwapitia warithi. Yaani hamgawani fedha yake, bali mnakubaliana nani atakaa naye. Mwulizeni sheikh wenu awafafanulie. Na mwenye kuona uzito wa najisi anaweza kumfuga nje, chombo chake mbali na vyombo vya nyumba.

Atakayepewa awe nani? Hapa watu hukosea kwa kutazama ujamaa peke yake. Mtoto mkubwa wa marehemu anayeishi chumba kimoja mjini hafai, hata akilia namna gani. Anayefaa ni yule mwenye shamba la kulindwa, mwenye mabaki ya chakula, na ambaye mbwa anamjua. Mara nyingi huyo ni kijana aliyekuwa akilala dunguni na marehemu, ambaye si hata wa ukoo. Mpeni. Jirani wa shamba ni bora kuliko mpwa wa mbali, kwa sababu mbwa hatahama njia zake. Sisi tungempa Jitegemee kijana wa shamba la pili, ambaye baadaye aliniambia kwamba alimtaka tangu siku ya kwanza, ila aliona haya kuomba kitu cha marehemu kabla ya arobaini. Haya hiyo ni ya adabu, lakini ukoo ungemfungulia mlango.

Kumhamisha mbwa mzima kuna namna yake. Ukimchukua leo ukamwachia leo, usiku anarudi barazani kwa bwana wake. Mfunge kwa kamba ndefu yenye kivuli na maji, kama majuma mawili. Alishwe na mtu mmoja tu, huyo bwana wake mpya, kwa saa zile zile. Shuka kuukuu au koti la marehemu likipatikana, awekewe alalie. Baada ya siku chache aanze kutembezwa kwa kamba kwenda shambani asubuhi na kurudi jioni. Wengine hukataa chakula siku mbili tatu, wengine hulia usiku. Kelele hizo zimewatia watu maneno mengi ya mizimu na mauti mengine. Mbwa yule analia kwa sababu mtu aliyemlisha hayupo, basi. Akiwa hali kabisa, anatokwa mate mengi, miguu ya nyuma inalegea au anang'ata vijiti na hewa, hapo msimsogelee, mwiteni mtaalamu wa mifugo. Na kabla ya majuma hayo kwisha, chanjo. Kama cheti cha marehemu kipo, kikabidhiwe pamoja na mbwa. Kama hakipo, achanjwe upya, haidhuru kitu.

Na ikiwa hapatikani mtu? Hilo hutokea, hasa mbwa akiwa mzee, mgonjwa au mkali kwa watu. Hapo kumwacha "ajitafutie" si huruma. Mbwa wa namna hiyo huishia kuua mbuzi wa watu, na huku Msimbati na vijiji vilivyomo katika Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, mbwa mwenye njaa pwani hufukua viota vya kasa. Mwendeeni mtaalamu wa mifugo wa kata, amuue kwa njia isiyo na mateso. Sumu ndani ya samaki hapana. Itaua na paka wa jirani, na mtoto akiokota itakuwa msiba mwingine. Kumfunga jiwe, kumpiga rungu, hapana. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama. Na mimi niliyeona vijana wale wakirudi kutoka mtoni, sihitaji sheria kuniambia.

Juu ya wanyama wengine nitasema kwa ufupi. Paka hana taabu; yeye hufuata nyumba kuliko mtu. Akipata mpangaji mpya mwenye ghala la mahindi lenye panya, amekwisha kurithiwa. Ila nyumba ikifungwa kabisa, achukuliwe, tena msimfungie ndani.

Kuku nao wana jambo lao, na hapa nitasema wazi. Matangani tunakula kuku wa marehemu mpaka banda linabaki manyoya. Lakini kuku wengi wa nyumbani si wa marehemu, ni wa mjane. Yeye ndiye aliyewatotolesha na kuwauzia mayai kupata chumvi na sabuni. Ndugu mnaoshuka kwenye gari na kuuliza kuku wako wapi, ulizeni kwanza ni wa nani. Na mnaowachukua kuwapeleka kwenu, msiwachanganye na wa kwenu siku hiyo hiyo. Watenge majuma mawili na uwachanje mdondo kwa tone la jicho, halafu urudie kila miezi mitatu, la sivyo utakuwa umerithi ugonjwa wa banda zima.

Mbuzi hali kadhalika. Sotoka ya mbuzi na kondoo ilithibitishwa nchini mwaka 2008, na baada ya miaka michache tu ilikuwa imekwisha kufika Newala na Tandahimba. Ilisafiri kwa miguu ya mbuzi waliohamishwa. Anayegawiwa mbuzi wa urithi kijiji kingine achukue kibali cha kusafirisha kwa afisa mifugo, na awatenge kwanza.

Yote haya huwa mepesi kama mwenyewe amesema akiwa hai. Si lazima uende kwa wakili. Mwambie mkeo na mtu mwingine mmoja asiye wa nyumba yako, kwamba likitokea la kutokea, mbwa huyu aende kwa fulani. Fulani naye aulizwe kama anakubali. Mzoeze: akupitie shambani, ampe mbwa chakula mara moja moja. Cheti cha chanjo kikae pamoja na karatasi za korosho, si juu ya kenchi kinakoliwa na mchwa. Kama una jike na huna haja ya watoto wake, mwulize mtaalamu wa mifugo juu ya kumhasi, maana ni heri ukoo utafute mwenye kumchukua mbwa mmoja kuliko sita.

Nilikwenda Mikindani kumweleza yule mama habari za mtoto na mbwa, maana niliona si vema azisikie barabarani. Alinisikiliza, akasema, "Nilikuuliza, mwanangu." Hakuongeza neno.

Tangu hapo nikiitwa kwenye kikao cha ukoo nabeba kalamu. Katika muhtasari, chini ya mashamba na madeni, naomba waongeze mstari mmoja, na mwandishi wenu anaweza kuunakili hivi hivi: "Wanyama waliobaki ni mbwa mmoja, paka mmoja, na mbuzi kadha wa kadha. Kuanzia leo anayewalisha ni fulani. Mbwa anachukuliwa na fulani, naye amekubali mbele yetu, na atamchanja kabla ya mwezi huu kwisha." Kisha tarehe, na sahihi au dole gumba la huyo aliyekubali.

Kwa herini. Juma lijalo tutaendelea na mikorosho: namna ya kupima salfa na kujua asubuhi ipi upepo unafaa.